Ngoma Hii Si ya Harusi, ni ya Ibada

Kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, kwa siku tisa mfululizo, mtu anayepita Ngara, Parklands au Westlands baada ya saa mbili usiku hukutana na jambo lile lile. Magari yameegeshwa pande zote mbili za barabara. Akina mama na wasichana waliovaa sketi pana zilizotiwa vioo vidogo vidogo wanavuka upesi upesi, wamewashika watoto mikono. Kutoka ukumbini ngoma inalia, matoazi yanagongana, na sauti za waimbaji zinaruka ua hadi barabarani. Abiria katika matatu humgeukia mwenzake akasema, "Leo Wahindi wana harusi." Kesho yake anasema vivyo hivyo. Kufikia siku ya tano anaanza kujiuliza: ni harusi gani hii isiyokwisha?

Si harusi. Ni Navaratri, yaani "usiku tisa," na wale wanaocheza mle ndani wako katika ibada, sawa na wewe unapopiga magoti kanisani au unaposimama katika safu msikitini. Hawachezi kwanza ili waje kusali baadaye. Kule kucheza ndiko kusali kwenyewe.

Jambo hili huwatatiza wengi wetu, na siku hizi limeingia hadi majumbani. Watoto wa jiji hili wanasoma darasa moja, wanakula chakula cha mchana meza moja, na urafiki hauulizi dini. Jioni moja mwanao anarudi nyumbani na kusema, "Mama, rafiki yangu amenialika kwenye ngoma yao Jumamosi. Niende?" Wazazi wengine hukataa papo hapo kwa kuhofia dini ya watu. Wengine hukubali papo hapo kwa kudhani ni disko. Wote wawili wamejibu swali wasilolielewa. Leo, msomaji wangu, tulielewe kwanza, kisha tulijibu.

MHINDI NA MHINDU

Tuanze na majina, maana hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Si kila Mhindi ni Mhindu. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Maismailia na Mabohora ni Waislamu. Kalasinga ana dini yake, ijapokuwa naye huimba kwa wingi katika ibada. Wajaini, ambao jumuiya yao ya Oshwal ina ukumbi mkubwa unaojulikana kwenye barabara ya Ring Road Parklands, nao wana dini yao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wahindu 60,287 nchini Kenya, katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 47.

Uchache wao si ugeni. Kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wapatao 2,500 walipoteza maisha, wengi wakarudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Wakafuatwa na wafanyabiashara, wengi wao Wagujarati. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, hapa palikuwa kambi tu ya mahema na mabati, na miaka minne baadaye, mwaka 1903, tayari jumuiya ya Kihindu ya Arya Samaj ilikuwa imeanzishwa hapa. Mwezi Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Hata hivyo, hebu tujiulize, tunawajua kiasi gani? Wahenga walisema, "Banyani mbaya, kiatu chake dawa," wakimsuta yule anayemdharau mtu huku akiitaka mali yake. Chapati tunaila, sambusa tunaila, dukani tunaingia. Lakini jinsi majirani hawa wanavyomwomba Mungu wao, zaidi ya karne moja imepita na bado hatujauliza.

NENO MOJA, MAMBO MATATU

Kwa bahati njema, lugha yetu wenyewe inatusaidia kuelewa. Mswahili akisema "ngoma" anaweza kuwa na maana ya kile chombo cha ngozi kinachopigwa. Anaweza pia kuwa na maana ya mchezo wenyewe, au shughuli nzima ya watu kukusanyika, kuimba, kupiga na kucheza. Wazee wetu hawakutenganisha mambo hayo. Nani alipata kuona Waisukha na Waidakho wakipiga isukuti huku watu wamesimama kimya mikono mifukoni?

Wahindu nao wana neno la namna hiyo. Katika Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya kale, neno "sangita" ambalo leo hutafsiriwa kuwa muziki lilikusanya mambo matatu: kuimba, kupiga ala na kucheza. Mungu wao Shiva huchongwa sanamu akiwa anacheza ndani ya duara la moto, mkono mmoja umeshika ngoma ndogo. Kwa imani yao, mchezo huo ndio unaoumba ulimwengu na ndio unaoubomoa ili uumbwe upya. Krishna naye hupigwa picha akiwa na filimbi mdomoni. Sasa, ikiwa Mungu mwenyewe anacheza na kupiga filimbi, mja wake ataona haya ya nini?

KUIMBA NI KUSALI

Katika dini ya Kihindu kuna njia nyingi za kumwendea Mungu. Mmoja hufuata elimu, mwingine matendo mema, mwingine kuituliza akili. Njia iliyowavuta watu wengi zaidi ni ile iitwayo bhakti, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote, kama mtoto anavyompenda mama au mke anavyompenda mume. Kitabu chao kitukufu kiitwacho Bhagavata Purana kinataja njia tisa za bhakti. Ya kwanza ni kusikia sifa za Mungu. Ya pili ni kuziimba. Kusikia na kuimba vimetangulia kabla ya kusujudu, na kabla ya kuabudu kwa sadaka.

Nyimbo hizo ni za namna mbili kubwa. Kuna bhajani, ambazo ni nyimbo za sifa na maombi zenye beti, nyingi zikiwa zimetungwa na washairi watakatifu wa zamani. Na kuna kirtani, ambapo kiongozi huimba jina la Mungu na mkutano wote humjibu kwa jina lile lile, tena na tena, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi, hadi watu wanainuka wenyewe kutoka sakafuni, mikono juu, na kuanza kucheza. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya nyimbo za kiongozi na waitikiaji hatuhitaji kufundishwa utamu wake. Wimbo wa namna hiyo hauna watazamaji. Kila aliyemo ni mwimbaji.

Tazama pia ala zao. Ngoma mbili ndogo za tabla, ngoma ndefu inayopigwa pande zote mbili, matoazi ya mkononi, na hamonia, kile kinanda cha upepo ambacho mpigaji hukipiga kwa mkono mmoja huku mwingine ukisukuma mvukuto. Hamonia haikuzaliwa India. Mfaransa Alexandre Debain aliisajili Paris mwaka 1840, wamishonari wa Kikristo wakaipeleka India, na Wahindu wakaipenda mpaka ikawa haikosekani katika bhajani. Kisha ikavuka bahari na kuingia katika taarabu ya Waswahili. Wapenzi wa marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, wanajua jinsi alivyozivika tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili. Kinanda kimoja kimewatumikia Wakristo, Wahindu na Waislamu, wala hakikuuliza mwenye kukipiga anaabudu wapi.

Usidhani njia hii ilikuwa rahisi kwa walioifuata. Katika karne ya 16, Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme huko Rajasthan, alimwimbia Krishna na kucheza mbele yake hadharani pamoja na watu wa chini. Wakwe zake waliona ni aibu kwa mke wa mwana wa mfalme, na masimulizi yanasema walijaribu hata kumpa sumu. Aliacha jumba la kifalme, wala hakuacha kuimba. Kabla yake, mshairi Narsinh Mehta wa Gujarat, Brahmini wa tabaka la juu, inasimuliwa kwamba alikubali mwaliko wa kwenda kuimba usiku kucha katika nyumba za watu waliohesabiwa najisi. Ndugu zake wa tabaka wakamtenga. Wimbo wake mmoja ndio uliokuja kupendwa mno na Mahatma Gandhi.

Msomaji, kumbuka kisa cha Narsinh Mehta, kwa sababu kilikuja kufanana na kisa cha hapa hapa Nairobi.

MLANGO ULIOFUNGULIWA MWAKA 1971

Katika jimbo la Bengal aliishi mtakatifu aliyeitwa Chaitanya, kati ya 1486 na 1534. Yeye aliitoa kirtani ndani ya nyumba na kuipeleka barabarani, watu wa kila tabaka wakaimba na kucheza nyuma yake. Miaka zaidi ya 400 baadaye, mzee mmoja wa mapokeo yake, A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, alipanda meli ya mizigo kwenda Marekani, na mwaka 1966 akaanzisha huko New York shirika ambalo ulimwengu unalijua kwa jina la Hare Krishna.

Mwaka 1971 mzee huyo alifika Mombasa, kisha Nairobi. Alikaribishwa na Wahindu wenye mali, na mikutano ya kwanza ikawa ya Wahindi watupu. Wafuasi wake wameandika kwamba jambo hilo halikumridhisha. Alitaka kuwaimbia Waafrika. Likapatikana hekalu dogo katikati ya jiji, katika mitaa ya Waafrika, akaagiza milango ifunguliwe na kirtani ianze. Wapita njia wakaingia mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hadi ukumbi ukajaa. Waliimba, wakacheza, wakagawiwa chakula kilichobarikiwa. Wafuasi hao wanasimulia pia jinsi mzee alivyoimba chini ya mti mkubwa katika uwanja wa Kamukunji, na jinsi wanafunzi walivyofurika alipozungumza katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wengi walioingia siku ile hawakuwa Wahindu, wala pengine hawakuwa Wahindu baadaye. Walivutwa na ngoma. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba katika jiji ambalo wakoloni walikuwa wameligawa kwa rangi, Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika ng'ambo ya mto, mlango wa kwanza kufunguliwa haukuwa wa hotuba. Ulikuwa wa wimbo wenye maneno machache ambayo kila mtu angeweza kuitikia. Hekalu la shirika hilo lingali pale Ngara, na wapo Waafrika miongoni mwa wanaoimba humo.

DUARA NA TAA

Sasa turudi kwenye zile siku tisa. Navaratri ni sikukuu ya Mungu katika umbo la Mama. Wahindu husimulia kwamba mama huyo, Durga, alipigana siku tisa na jitu katili lenye umbo la nyati, na siku ya kumi akalishinda. Ndiyo maana siku ya kumi, Dashera, ni siku ya furaha ya ushindi wa wema juu ya uovu.

Wagujarati huadhimisha mikesha hiyo kwa ngoma iitwayo garba. Jina lenyewe latoka katika neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Kwa desturi ya asili, katikati ya uwanja huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa inayowaka. Chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo ndani. Wachezaji huzunguka chungu hicho kwa duara, wakipiga makofi na kuinama kidogo, hatua mbele, hatua nyuma, geuka. Duara likijaa, hufanyika la pili nje yake, na la tatu, mpaka ukumbi wote unazunguka kama gurudumu.

Ukilitazama kwa makini utaona mafundisho ndani yake. Watu wanazunguka, taa imetulia. Wanadamu huzaliwa, huzeeka, hufa na, kwa imani yao, huzaliwa tena, lakini Mungu aliye katikati habadiliki. Katika duara hakuna wa mbele wala wa nyuma. Bibi wa miaka sabini na mjukuu wa miaka saba wako umbali mmoja kutoka kwenye taa. Tajiri wa Westlands na karani wake wanapiga makofi kwa mapigo yale yale.

Baada ya garba huja dandiya, mchezo wa vijiti viwili vya rangi, ambapo wachezaji husimama safu mbili wakitazamana na kugonganisha vijiti kwa mapigo ya ngoma. Wengine husema vijiti hivyo ni panga za Durga vitani, wengine huvihusisha na Krishna alipocheza na wachungaji. Kuna pia wakati ambapo muziki husimama, taa huinuliwa na kuzungushwa mbele ya picha ya Mama huku wote wakiimba pamoja. Hiyo ni arati. Mwishoni hugawiwa prasadi, chakula kilichotolewa kwa Mungu kwanza. Wengi wao hufunga katika siku hizo, wakila matunda na maziwa tu au mlo mmoja kwa siku. Kwa hiyo yule unayemwona akicheza saa nne za usiku, huenda hajala chakula kizito tangu asubuhi.

Mwezi Desemba 2023, shirika la UNESCO liliingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa binadamu. Mkutano ulioamua hivyo ulifanyika hapa hapa Afrika, katika mji wa Kasane nchini Botswana. Isukuti yetu ilikuwa imeingizwa mwaka 2014, lakini katika orodha ya urithi ulio hatarini kutoweka. Tofauti hiyo nayo ni somo kwetu sisi wenye ngoma zetu.

HATA WAO HUBISHANA

Isidhaniwe kwamba kila Mhindu hucheza katika ibada. Arya Samaj hawaabudu sanamu. Wao hukaa kuuzunguka moto mtakatifu, wakasoma Veda na kuimba bhajani kwa utulivu. Wafuasi wa Swaminarayan, mtakatifu aliyeishi kati ya 1781 na 1830, wana washairi hodari na nyimbo nyingi, lakini katika mikutano yao wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Hekalu la tawi lao moja, lililofunguliwa mwaka 1999 katika Barabara ya Forest, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ni miongoni mwa majengo mazuri ya jiji hili kwa nakshi za mawe na mbao.

Katika kusini mwa India palikuwa na wanawake waliowekwa wakfu kucheza mbele ya Mungu hekaluni. Baadaye desturi hiyo ilichafuliwa na wanaume wenye fedha waliowafanya wanawake hao vimada, na mwaka 1947 jimbo la Madras likaipiga marufuku kwa sheria. Ngoma yenyewe iliokolewa kwa kuhamishiwa jukwaani na shuleni, na leo wasichana wengi hujifunza Bharatanatyam kama sanaa, wakianza kwa kusalimu ardhi na Mungu. Wengine wanashukuru kwamba iliokolewa. Wengine wanasikitika kwamba ilitoka hekaluni.

Mabishano haya si ya Wahindu peke yao. Biblia inasimulia jinsi Mfalme Daudi alivyocheza mbele ya Sanduku la Agano, na jinsi mkewe Mikali alivyomdharau moyoni kwa kitendo hicho. Kule Lamu, Habib Swaleh alipoanzisha Maulidi ya kusomwa kwa matari, wapo waliomlaumu kwamba ala hazina mahali katika mambo ya dini, na leo Maulidi ya Riyadha ni fahari ya pwani nzima. Katika makanisa mengi ya Kikatoliki ya Nairobi watoto hucheza wakipeleka sadaka altareni, jambo ambalo wamishonari wa kwanza wasingelivumilia. Kila dini, wakati wake unapofika, hulazimika kuuliza: mwili huu aliouumba Mungu, una ruhusa ya kumsifu?

TAA INAPOSAHAULIKA

Nami nadhani jibu halimo katika ngoma. Limo katika kile kilichowekwa katikati. Ngoma ile ile, kofi lile lile, kiuno kile kile, kikielekezwa kwa Mungu ni sala, na kikielekezwa kwa watazamaji ni maonyesho. Hili ndilo linalowaumiza wazee wa Kihindu hivi leo, na mzazi wa dini yoyote atawaelewa.

Siku hizi katika baadhi ya kumbi vipaza sauti vimekuwa vikubwa kuliko chungu. Nyimbo za sinema zinachukua nafasi ya nyimbo za Mama. Vijana wanakuja kuonyesha mavazi mapya, wanasimama katikati ya duara kujipiga picha kwa simu, mgongo umeipa taa. Arati inapoanza, wengine tayari wako nje kwenye maegesho wakitafuta vitafunio. Wamecheza saa tatu, lakini ukiwauliza walikuwa wakimzunguka nani, hawana jibu.

Vijana nao wana hoja yao, tena si hoja ya kupuuzwa. Wanasema kama si zile nyimbo mpya na ile furaha ya kukutana, wasingekuja kabisa. Afadhali aje kwa ajili ya ngoma, siku moja ataiona taa, kuliko abaki nyumbani mbele ya runinga. Viongozi wa vijana katika makanisa yetu husema maneno hayo hayo juu ya gita la umeme. Mimi naona pande zote mbili zinaweza kupatana iwapo jambo moja litalindwa: taa isiondolewe katikati, na kabla ya kucheza mtoto aambiwe maana yake. Desturi haifi kwa sababu vijana wameongeza kasi. Hufa siku wazee wanapoona uvivu kueleza.

Jambo la majirani pia lisisahauliwe. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha chini zaidi cha sauti usiku kuliko mchana, na hazibagui hekalu, kanisa wala baa. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu haki ya kuabudu peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Haki hizo mbili zinaishi pamoja pale watu wanapojuana. Jirani aliyealikwa ibadani hata mara moja huvumilia ngoma hadi saa nne. Asiyejua kinachoendelea hupiga simu polisi saa mbili na nusu.

MWANAO AKIALIKWA

Basi tujibu lile swali la jioni. Aende?

Mzazi mwenzangu, uamuzi ni wako, kwa sababu imani ya nyumba yako unaijua wewe. Ila uamue kwa kujua. Usimwambie mtoto kwamba ni disko, kwa maana atawavunjia wenyeji heshima. Usimwambie pia kwamba ni ushetani, kwa maana atamtazama rafiki yake kwa hofu maisha yake yote. Mwambie ni ibada ya watu wengine, nayo ni ya kuheshimiwa kama unavyotaka yako iheshimiwe.

Akienda, avae mavazi ya staha. Viatu huvuliwa mlangoni. Nyama, pombe na sigara visikaribie mahali hapo. Asiingie katikati ya duara wala asiikaribie taa bila kuelekezwa. Asipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Akitaka kukaa kando na kutazama tu, hakuna atakayemlaumu. Wakati wa arati asimame kwa utulivu pamoja na wengine. Prasadi hupokelewa kwa mkono wa kulia, na ikiwa imani yenu haimruhusu kula kilichotolewa mbele ya sanamu, aunganishe viganja kifuani, ainamishe kichwa na kushukuru kwa upole. Wataelewa. Wao wenyewe ni watu wenye miiko mingi ya chakula.

Kwenu wanafunzi wa vyuo, nanyi mna kazi. Mwulize mwenzako maana ya anachokiimba. Mara nyingi utagundua kwamba naye hajui, na swali lako litampeleka kwa bibi yake kuuliza. Hapo utakuwa umemsaidia kuliko unavyofikiri. Kisha naye atakuuliza wewe: nyimbo za kwenu, zile za tohara, za mavuno na za kumlaza mtoto, wazijua ngapi?

Kuijua ibada ya jirani si kuiacha yako. Mtu aliyesimama imara katika imani yake anaweza kusikiliza ngoma ya mwenzake bila kutetereka, na huenda akirudi kwake Jumapili au Ijumaa akajiuliza kama naye bado anamtazama Yule aliye katikati, au amebaki kutazama mavazi ya waliomzunguka.